Msamaha wa Shomari

Harufu ya mashudu ya pamba hainipi raha. Nimeishi sehemu nyingi tangu niache shule: nimepika migodini Geita, nimeuza mitumba kwenye minada ya Magu, nimefulia watu nguo Bukoba, na sasa nina chumba Usagara ambamo sijui nitakaa mpaka lini. Kote huko nimezoea harufu za kila aina, dagaa wanaokauka, ngozi mbichi, dizeli. Lakini juzi lori lilimwaga mashudu nyuma ya nyumba, maana mwenye nyumba wangu anafuga ng'ombe wa maziwa, na ile harufu nzito, kama karanga zilizoungua zikachanganyika na vumbi, ikaingia chumbani wakati nakunywa chai. Chai ikanishinda. Nikatoka nikakaa juu ya jiwe uani, na mwenye nyumba akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu hapana. Ningemweleza nini?

Mzee Bundala alinukia hivyo. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na familia yake na yetu tulipanga nyumba moja, upande ule wa Mwanza ambako nyumba zimebanwa na mawe na ziwa unaliona kwa vipande, kidogo hapa, kidogo pale. Jioni aliporudi nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa pamba, na sisi watoto tulimwita Babu ingawa hakuwa mzee kihivyo. Mwanawe Masalu, wa rika langu, alikuwa anamsubiri na beseni la maji na brashi ya viatu. Baba anakaa kwenye kigoda, anainamisha kichwa, mwana anamtoa pamba kwenye nywele taratibu. Hawakuwa wanaongea. Wakimaliza, Mzee Bundala anakohoa mpaka machozi yanamtoka, anakunywa maji, ndipo anaingia ndani kumsalimia mkewe na watoto wake wawili wadogo wa kike.

Mama Masalu alitoka Ukerewe. Mara nyingine akiwa jikoni, akili iko mbali, alimwita mwanawe "Magesa," kisha akajirekebisha haraka, "We Masalu!" Nilidhani ni jina la kudekeza. Mimi mwenyewe jina langu ni Kabula lakini bibi yangu aliniita Kaptula, na hakuna aliyejua kwa nini. Kwa hiyo sikuuliza. Leo nauliza kila kitu, mpaka watu wananichoka, lakini siku zile nilipopaswa kuuliza niliona mtu mwenye majina mawili amebahatika tu.

Shomari alikuja tukiwa kidato cha pili. Baba yake alikuwa fundi wa injini za meli aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza, kabla hata hajapewa dawati, alisimama mbele ya darasa akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua mifugo mnadani.

"Wasukuma mko wangapi humu?"

Mikono ikainuka karibu darasa zima.

"Alhamdulillahi," akasema. "Babu alinambia watumwa wetu walitoroka wakakimbilia ziwani. Kumbe kweli. Haya, nani ananibebea begi?"

Darasa liliangua kicheko. Wenzangu mnaelewa. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu waliotembea kwa miguu mpaka pwani na mizigo kichwani, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Atakutukana, atakuvua kofia aivae yeye, atakuja msibani kwenu acheke. Nawe unamrudishia. Kijana mmoja wa nyuma alishamrudishia palepale: "Mzaramo umefuata nini huku? Kiwanja cha baba yako mmeshauza mkachezee ngoma?"

"Tumeuza," Shomari akajibu, "na tumekuja kuuza cha kwenu. Ngoma bado inaendelea."

Alikuwa mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyotengana, na ulimi ambao haukujua kupumzika. Wiki ileile alinivua viatu wakati wa mapumziko akavitundika dirishani, akawatangazia watu kwamba mwanamke wa Kisukuma akivaa viatu anapata homa. Nilirudi nyumbani nalia.

"Nani kakufanyia hivyo?" mama akauliza.

"Shomari."

"Shomari wa wapi?"

"Wa Dar. Mzaramo."

Mama aliacha kuchagua mchele, akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa we mtoto unalia nini? Huyo si mtani wako? Kesho na wewe chukua shati lake upangusie ubao. Mtani huwezi kumkasirikia. Ukimkasirikia, watu watauliza wewe umetoka wapi."

Masalu alikuwa palepale uani, anamwaga maji ya lile beseni. Nakumbuka alisimama, beseni limeinama nusu, maji yanamdondokea miguuni.

"Kwa nini watauliza hivyo, mama?" akamuuliza mama yangu.

"Kwa sababu Msukuma anajua huyu ni mtani wangu. Anayekasirika ni mgeni huyo, hajui."

"Haya," Masalu akasema, akamwaga maji yaliyobaki.

Niliona kila kitu na sikuona chochote. Nilidhani ameuliza kwa sababu na yeye anachokozwa na anataka kujua namna ya kujibu.

Na kweli alichokozwa, kuliko sisi wote. Masalu alikuwa mkubwa wa mwili, mikono kama ya mtu mzima, sauti imeshakuwa nzito kabla ya wenzake, na hakuwa na majibu. Sisi wengine tulikuwa tunamrukia Shomari kwa maneno mpaka anakimbia. Masalu alitabasamu tu. Kwa mtani hicho ni chakula. Akizungumza, Shomari anaigiza ile r na l zetu zinazobadilishana viti: "Masaru, umekura? Umerara?" Akila, Shomari anapita na kutangaza kuwa ugali ule ungetosha kujengea kibanda. Mara akae mgongoni kwake aseme punda wake leo mbishi. Masalu anatabasamu. Tulikaa dawati moja, na chini ya lile dawati, mahali mwalimu hawezi kuona, mkono wake ulikuwa unachimba mbao kwa ncha ya bikari. Alichimba mpaka pakawa na shimo la kuingiza kidole. Nilidhani anachonga jina la msichana. Nilikuwa naona wivu kidogo, niseme ukweli.

Shule yetu ilikuwa ya ugomvi. Sijui ni umri, sijui ni jua na njaa ya saa saba, lakini wavulana walipigana kwa lolote: kiti, mpira, jicho alilotazamwa nalo mtu. Kulikuwa na mawe makubwa nyuma ya vyoo, na mtu akikwambia "tukutane kwenye mawe" ulikuwa umeitwa vitani. Siku moja kijana wa kidato cha tatu alipasuliwa kichwa huko, na kesho yake mwalimu wa nidhamu, mtu mfupi aliyependa kusikia sauti yake, akatuweka mstarini juani.

"Hasira ni kama haja kubwa," akasema. "Kila mtu anayo. Lakini umewahi kumwona mtu na akili zake anajisaidia barabarani? Unaibana! Unaibana mpaka ufike mahali pake!"

Watu walicheka kwa kujificha. Yeye hakucheka. Akamwita Masalu mbele, akamshika bega ambalo ilibidi alifikie kwa kunyoosha mkono.

"Mtazameni huyu. Ana nguvu kuliko nyinyi wote. Angetaka angewavunja. Tangu mwaka uanze amewahi kugombana na nani? Huyu kijana mgeni anamsumbua kila siku, mimi namwona. Anajibu? Anatabasamu. Huko ndiko kujizuia. Mwigeni Masalu!"

Tukapiga makofi. Shomari alipiga kuliko wote, na akapaza sauti, "Mtumwa wangu huyo, mwalimu, nimemfundisha mwenyewe!" Hata mwalimu akatabasamu.

Nimewaza sana juu ya makofi yale. Watu wazima wanapenda mtoto anayejizuia kwa sababu hawasumbui. Hakuna aliyemuuliza anajizuia na nini. Kama angekuwa amebeba gunia la mawe begani, mtu angemuuliza unapeleka wapi hilo. Lakini kwa kuwa alikuwa amelibeba ndani, tulimpigia makofi na tukamwacha aendelee kulibeba.

Mzee Bundala alikufa msimu wa pamba. Kifua kilikuwa kimekwisha. Alilala wiki chache ndani, Masalu anamgeuza, anamsafisha, na hata alipokuwa haendi tena kiwandani Masalu aliendelea kumpiga brashi nywele jioni, pamba au hakuna pamba. Akazikwa kijijini kwao, mbele ya Bujora. Darasa letu tulipelekwa na mwalimu kwa lori la mizigo, wasichana mbele, wavulana nyuma, na Shomari alikuja na baba yake, kwa sababu Wazaramo mjini hawakuwa wengi na msiba wa Msukuma bila mtani haujakamilika.

Walifanya kazi yao. Baba yake Shomari alilala chali njiani akasema jeneza halipiti mpaka apewe kuku, maana marehemu alikuwa mtumwa wake na ameondoka bila kuaga. Wazee wakambembeleza, wakamletea jogoo, akamkataa, akasema amekonda kama marehemu. Watu walicheka huku wanapangusa macho. Shomari naye aliingia ndani akatoka amevaa kofia ya Mzee Bundala na koti lake la kazini, bado lina pamba kwenye mifuko. Akaanza kutembea kama yeye, mabega mbele, akakohoa kama yeye, kile kikohozi cha kuanzia chini. Akakaa kwenye kigoda akainamisha kichwa, akaita: "Masalu! Brashi iko wapi? Mbona mwanangu leo mvivu?"

Wanawake walipiga kelele za kilio na kicheko kwa pamoja. Alikuwa amempatia kabisa. Sijui alimwona lini; nadhani alikuja kwetu siku moja akamtazama kwa lile jicho lake lisiloacha kitu. Nilimtafuta Masalu kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, anatabasamu, lile tabasamu la darasani, na shingo yake imekakamaa mpaka mishipa inaonekana. Mzee mmoja aliyekaa karibu yetu akasema kwa kuridhika, "Mtoto wa Bundala huyo. Damu ya Bundala imetulia." Nikaona Masalu amesikia. Ilikuwa kama mtu amemwagiwa maji ya baridi siku ya joto.

Nilipokuwa mtoto nilidhani furaha ile ilikuwa ya kusifiwa.

Baada ya mazishi walikaa kunyoa. Kwao ilikuwa hivi: watoto wa marehemu wanakaa chini mbele ya nyumba, ndugu wa baba yao anawanyoa kwa wembe, nywele zinakusanywa. Wale wasichana wawili wakakaa, mdogo anang'ang'ania goti la mkubwa. Masalu akaja akakaa pembeni yao, akavua shati, akainamisha kichwa. Mdogo wake marehemu, baba mdogo wa wale wasichana, mtu mrefu mwenye uso unaofanana na Mzee Bundala kiasi cha kukutisha, akamnyoa wa kwanza, akamnyoa wa pili. Alipofika kwa Masalu akafuta wembe kwenye kitambaa.

"Wewe ondoka hapo."

Masalu hakuinua kichwa. Nadhani alifikiri amekaa vibaya. Akasogea kidogo.

"Nimesema ondoka. Hapa wananyolewa watoto wa marehemu."

"Shemeji," Mama Masalu akasema kutoka walipokaa wanawake. "Shemeji, tafadhali. Mwenyewe alimpa jina."

"Jina alimpa. Damu hakumpa. Mwambie akanyolewe kwao Ukerewe, kwa hao waliomzaa. Leo ndiyo wakati wa kusema, mambo yasije kuchanganyika huko mbele."

Mzee aliyesema damu ya Bundala imetulia alikuwa anatazama fimbo yake. Masalu akainuka, akachukua shati lake, akapita katikati ya watu bila kulivaa. Shomari alikuwa bado na ile kofia kichwani. Nilimwona anaivua polepole, anatazama huku na kule kama mtu aliyeshika kitu cha watu na hajui akiweke wapi.

Ndipo nilipojua Masalu alikuja kwenye nyumba ile akiwa tayari anatembea, ameshikwa mkono na mama yake, na kwamba Magesa ndilo jina alilozaliwa nalo. Lakini kujua si kuelewa. Nilielewa tu kwamba Mzee Bundala hakuwa baba yake. Sikuelewa kwamba kwa mwaka mzima, kila alipotabasamu, alikuwa anathibitisha kwamba ni baba yake.

Jumatatu alikuja shuleni amenyoa kipara. Alikuwa amejinyoa mwenyewe, bila kioo nadhani, maana kichwa kilijaa mikwaruzo na nyuma ya sikio palibaki kishungi cha nywele ambacho mkono haukufika. Hakuna aliyemuuliza. Aliingia, akakaa, akatoa daftari. Nikamwambia pole, akasema asante. Mkono wake haukwenda chini ya dawati. Uliwekwa juu, wazi, umetulia, na alikuwa anatazama mlango. Naamini, na sasa naamini zaidi kuliko zamani, alikuwa anamsubiri Shomari. Alikuwa anasubiri aambiwe kipara chake kinafanana na jiwe la ziwani, au kibuyu, au lolote. Kwa kichwa kile, siku nyingine yoyote, Shomari angeongea mpaka jioni.

Shomari hakusema kitu asubuhi yote.

Mapumziko tulikwenda bombani na ndoo. Masalu alikuwa amejaza yake. Shomari akamfuata, na sijawahi kumwona mtu yule akitembea kwa heshima namna ile, mikono mbele, ameikunja kama anayeingia ofisini kwa mkuu wa shule. Nilikuwa nyuma yao na zamu yangu ya maji.

"Masalu, kaka," akasema. "Naomba unisamehe."

Masalu akaweka ndoo chini.

"Baba amenisema sana jana. Mimi sikujua. Nilikutania bure mwaka mzima, kumbe mimi na wewe si watani. Hata msibani sikuwa na haki ya kukuita vile mbele za watu. Ningejua wewe si Msukuma nisingekugusa hata siku moja, wallahi. Nisamehe sana. Sitarudia."

Alisema kwa moyo wote. Hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo, kwamba alisema kwa moyo wote, na kila neno lilikuwa sahihi.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Shomari akaanguka kwenye tope la bomba, na Masalu akawa juu yake. Nimeona ugomvi mwingi tangu siku hiyo, kwenye vilabu vya pombe, kwenye mashimo ya dhahabu, lakini mara nyingi mtu anayepiga anatukana, anapumua, anatoa jasho la hasira. Masalu alikuwa anapiga kama mtu anayegonga mlango. Na alikuwa anaongea, kwa sauti ndogo, karibu na sikio la yule mwingine.

"Nitanie," anapiga. "Nitanie. Nitanie."

Nilisikia vizuri. Nilidhani anamtishia: nitanie tena uone. Wote waliokuwa karibu walisikia hivyo, na ndivyo walivyoeleza baadaye ofisini. Wavulana sita walimvuta hawakuweza, mpaka mpishi wa shule akaja na mwiko.

Kesho yake baba mdogo aliitwa. Alikuwa amekuja mjini kuchukua vitu vya kaka yake, na Mama Masalu alikuwa bado kijijini anakaa eda ya watu wasiomtaka. Tulipangiwa kufagia nje ya ofisi ya walimu, na ofisi ile haikuwa na vioo, kwa hiyo tulifagia sehemu moja asubuhi nzima.

"Alikutukana?" mwalimu wa nidhamu akauliza.

"Hapana, mwalimu."

"Alikutania?"

"Hapana, mwalimu. Aliacha."

"Sasa alikufanya nini?"

"Aliniomba msamaha."

Mwalimu mmoja akacheka, si kwa ubaya, kwa kushangaa tu. Mwalimu wa nidhamu hakucheka. "Nilikusimamisha mbele ya shule nzima," akasema. "Nikasema mwigeni huyu. Mtu anakuja kwako kiungwana, ana adabu zake, unamng'oa meno? Umeniaibisha, Masalu. Kumbe ulikuwa unaficha unyama."

Mkuu wa shule akamgeukia mgeni. "Mzee, shikamoo tena. Wewe ndiye baba mdogo wa kijana?"

"Marahaba. Mimi ni mdogo wake marehemu Bundala."

"Basi unasimama kwa niaba yake?"

"Hapana. Huyu alikuja na mama yake. Kwetu hayumo. Nimekuja kwa heshima ya shule, mliniita."

"Kwa hiyo hana mtu hapa?"

"Hilo mnalijua nyinyi walimu."

Nilichungulia. Masalu alikuwa amesimama katikati, kipara na mikwaruzo yake, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kitu chochote, wala tabasamu wala hasira. Mkuu akasema aondoke siku hiyohiyo, na mama yake aje akitoka msibani. Mama yake alikuja baadaye, akaambiwa nafasi haipo.

Hakurudi. Nimemtafuta, kwa sababu mimi ni mtu wa kutafuta, na kwa sababu kila nilipohamia nilikuwa na kisingizio. Nilivuka kwenda Ukerewe mara moja, nikauliza kwa jina la Magesa, nikafika mpaka kwa mjomba wake. Mzee yule alinipa samaki na ugali, alinichangamkia sana, kisha akasema, "Huyo mtoto si wa huku tena. Huyo walimpeleka kwa Wasukuma. Waulize hao." Nilikula nikamaliza, nikashukuru, nikaondoka. Huenda yuko migodini kwa jina la tatu. Huenda nimeshampikia na sikumtambua.

Lakini siku ile alitoka getini na mfuko wake wa plastiki wa madaftari, peke yake, maana baba mdogo alishatangulia. Tulikuwa tumejipanga uwanjani. Shomari alikuwa amerudi kutoka zahanati, mdomo umevimba, pamba imejaa mahali palipokuwa na meno yale yaliyotengana. Alikuwa ameambiwa akae chini kivulini. Akainuka. Akakimbia mpaka katikati ya uwanja, akaitema ile pamba, akapiga kelele kwa sauti iliyokuwa inatoka na mate na damu:

"Weee! Mtumwa wangu! Unatorokea wapi? Msukuma mshamba we, kichwa kama kibuyu cha maziwa! Nani atanibebea begi langu?"

Nilimwona mbaya kuliko baba mdogo. Nilidhani anamcheka mtu aliyefukuzwa. Niliokota jiwe kabisa, na kama rafiki yangu asingenishika mkono ningemrushia. Masalu alisimama njiani. Mgongo wake ulituelekea. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, ukimjazia shati. Sijui kama alikuwa anangoja aongezewe, au anatafuta jibu, yeye ambaye hakuwahi kuwa na jibu. Kisha akashuka kati ya mawe tukaacha kumwona.

Mwalimu wa nidhamu alishamshika Shomari sikio. Alitetemeka kwa hasira, mwalimu yule wa kuibana mpaka ufike mahali pake.

"Umemtukana mwenzako mbele ya shule nzima!"

"Nimemtania, mwalimu."

"Utani gani? Baba yake mdogo mwenyewe amesema si Msukuma. Kwa hiyo wewe si mtani wake, na hilo ni tusi. Lala chini."

Fimbo ikaletwa. Shomari alikuwa na chozi jicho moja, au ni uvimbe tu ulikuwa unamtoa maji.

"Utachapwa," mwalimu akasema, "halafu utamfuata umwombe msamaha."

"Nichape, mwalimu," Shomari akasema, anajilaza taratibu kwenye vumbi, uso pembeni ili mdomo usiguse chini. "Lakini msamaha nilishamwomba jana. Ndio uliomfukuzisha."